Kisigino cha Mama

Magomeni, Mtwara

Kaka Nassoro,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini wewe, wifi Hawa na watoto ni wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Huku sote tu salama isipokuwa mama. Nimeacha simu nikashika kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

“Mguu usiouma ni mguu mzima.” Ndivyo ulivyoniambia siku niliyokuja Kitaya kumchukua, na shangazi zetu wakaitikia kama wanaitikia dua. Ukaongeza kwamba vitabu vimenitia woga na kwamba hospitalini wanatafuta miguu ya kukata. Kaka, hayo ni maneno ya hatari. Mguu wa mama hauumi kwa sababu kisukari kimeharibu mishipa yake ya fahamu. Daktari alimwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa kijiuzi. Mama akauliza ataanza kupimwa lini. Alipojibiwa kwamba tayari amepimwa, akacheka, akasema miguu hiyo ilivuka Ruvuma kupeleka chumvi Msumbiji kabla daktari hajazaliwa. Mimi sikuweza kucheka. Kisiginoni alikuwa na kidonda cha upana wa kiganja cha mtoto, kinatoa usaha, naye alikuwa akikikanyagia kwenda shamba na kurudi.

Ni kweli, wamekata. Wamekata nyama iliyooza, na mguu umebaki. Miguu inayoondolewa hospitalini ni ile inayocheleweshwa nyumbani na watu wenye uhakika kama wako.

Sasa kila baada ya Magharibi namkalisha barazani, nauangalia unyayo wa mguu mzima, kisha katikati ya vidole. Anaona haya, ananiambia namkagua kama mbuzi wa mnadani. Namkagua hivyo hivyo. Zamani akishatawadha alikuwa akivaa raba miguu ikiwa imelowa. Siku hizi tunaikausha kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Maji ya kuoga nayapima mimi kwa kiwiko, maana mguu wake hauwezi kumwambia kwamba yanaunguza. Peku hatembei hata uani, na viatu tunavikung’uta kabla hajavivaa. Jana ilidondoka changarawe ambayo mimi na wewe tungeisikia kwa hatua ya kwanza.

Limebaki jambo ambalo mama amenikataza nisikuandikie. Daktari alimwambia kwamba ameungua, naye akajibu kuwa alikanyaga kaa la moto. Si kweli. Juzi aliniambia mwenyewe: ni yale mafuta ya ganda la korosho uliyomkamulia ajipake magaga. Wewe ukiyapaka yanakuwasha, unakimbilia maji. Yeye hakusikia kitu. Aliendelea kupaka kila asubuhi huku yakimla, akifurahi kwamba mwanawe amemkumbuka. Alipogundua, akaamua kulichukua kosa liwe lake, ili usije ukajilaumu.

Najua ulimpa kwa mapenzi, na sikuandikii ili ulie. Nimevunja ahadi yangu kwake kwa sababu ile chupa ya mafuta bado iko dirishani kwake huko Kitaya, na kisigino cha pili kina magaga vilevile. Anasema akirudi atakipaka hicho kidogo tu, kwa uangalifu. Mimi siwezi kuwa Kitaya kila asubuhi. Ninyi mpo.

Mama anakusalimuni nyote, na anaulizia kuku wake. Shangazi wote wapeni salamu zangu, hata wanaonichukia.

Kaka Nassoro, imwage chupa hiyo leo, mbali na watoto. Kisha wewe na wifi Hawa nijibuni kwa jina: nani atamshika mama mguu kila jioni, ainue taa na kuangalia, hata mama akigomba? Msiniandikie kwamba mtajitahidi. Nitajieni mtu mmoja. Bila jina hilo, simruhusu mama aondoke Magomeni.

Mdogo wako,
Shamimu