Msitu Tuliouacha Upumzike

Mudzipela, Bunia

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Kifua chako kimetulia? Magoti ya Mama je? Sisi huku tunapumua tu. Kazi yangu ya useremala imelegea, maana watu wenye hofu ya vita hawanunui vitanda. Lakini kuna jambo jingine linanikaba, na heri ulisikie kwangu kuliko kwa walinzi wa hifadhi.

Juzi wakubwa wa hifadhi waliita mkutano hapa mjini na vijiji vinavyopakana na msitu. Kwa kuwa barabara ya huko haipitiki, shefu wa kijiji alinituma mimi nisimame kwa niaba yenu. Nilivaa koti la harusi yangu. Nilifurahi kweli, nikajua safari hii watatusikiliza.

Wakatundika ramani ukutani. Mashamba yetu yamo, mto umo. Lakini ng'ambo ya mto, kwenye msitu wetu wa asali, pako patupu bila jina, na pamepakwa rangi nyekundu: mtu asiingie kabisa.

Nikaelewa papo hapo. Watu wao wa ramani walipokuja huko kuwauliza mnatumia sehemu gani, mliwatembeza kote, ila huko hamkuwapeleka. Msitu unaopumzika hautajwi wala haunyoshewi kidole mpaka nyuki wajae tena. Ndivyo ulivyonifundisha mwiko huo. Nao wakadhani hauna wenyewe.

Baba, nilisimama nikaunyoshea kidole, nikalitaja jina lake mbele ya watu wote.

"Kama iko ya kwenu, juu ya nini hamukusema?" mkubwa mmoja akauliza.

"Tunauacha upumuzike, mukubwa. Ni siye tunauchunga."

Hata hakukasirika. "Ndugu yangu, dosié ya hii ramani ilishaenda Kinshasa. Siye hapa hatuna tena nguvu."

Kisha tukapewa soda, tukapigwa picha.

Najua mvua zikipungua utachukua kamba na shoka ukaangalie kama nyuki wamejaa, kama kawaida yako. Nakusihi, usivuke mto. Walinzi wana amri ya kukamata, na wewe huwezi tena kukimbia.

Nisalimie Mama, kaka anayelima shamba lako, na shangazi muuza mawese. Shefu mwambie nilisema.

Najua utaumia kwamba niliutaja. Niliutaja ili niuokoe, Baba, na sasa hatuna msitu, wala mwiko wake hatunao.

Mwanao,
Dieudonné