Safari ya Jua Iliyokwama Saunani

Kuhmo,
Jumapili, 18 Januari 1998.

Mpendwa Mama mdogo Raili,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye theluji, zikupate kabla hazijayeyuka njiani. Hujambo wewe? Baba mdogo Duarte hajambo, na lile goti lake analolilaumu kila mvua ikinyesha? Kwenye kadi ya Krismasi uliandika kwamba upepo umeilaza migomba yenu ya mteremko wa juu. Tumekuwa tukijiuliza kama imesimama tena au mmeshapanda mingine.

Sisi huku tu wazima. Baba amepona kikohozi, ingawa mpaka leo hakubali kwamba alikuwa nacho. Jyrki mdogo wangu bado anafunga umeme kwenye nyumba za watu, na kwake anasomea gazeti kwa tochi. Mimi bado nafundisha darasa la tatu na bado naishi chumba cha juu kwa wazazi. Usiniulize habari za mchumba, maana umebaki peke yako katika ukoo huu ambaye hajaniuliza.

Nakuambia mapema, Mama mdogo, barua hii ina ombi. Nimeliweka mwishoni, na tafadhali usiruke kwenda kulisoma. Bila haya ya katikati utadhani baridi imenipanda kichwani.

Jambo lenyewe ni Mama. Unalijua giza letu, lakini nadhani umesahau uzito wake. Mwaka jana lilimwingia dada yako kuliko nilivyowahi kuona. Aliacha kwaya. Saa nane mchana alikuwa ameshafunga mapazia, anakaa jikoni na kikombe cha kahawa mpaka kahawa inapoa, anaimwaga, anamimina nyingine, nayo inapoa. Mara ya kwanza kumsikia akicheka ilikuwa mwezi wa Mei, Baba alipoteleza gatini akaingia ziwani na viatu vyake vya kanisani. Niliogopa sana, na sitaki kuona majira mengine kama yale.

Kwa hiyo mimi na Jyrki tuliamua kwamba mwaka huu, shule zikifungwa juma la kwanza la Machi, wote wanne tutavuka bahari kwenda mahali penye jua, penye joto, na penye kitu cha kutazama zaidi ya misonobari. Nikachukua vijitabu vya picha kutoka ofisi ya safari. Yule dada wa ofisini akasema tumjibu kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo nafasi watapewa wengine. Nikajiona nimemaliza kazi.

Kosa langu ni kwamba nilimwachia Baba apange kikao. Unamjua shemeji yako. Kwake yeye jambo la nyumba hii huzungumzwa Jumamosi jioni baada ya kuoga mvuke wa mawe ya moto saunani, basi. Hapo ndipo ilipoamuliwa tununue trekta, na hapo ndipo Jyrki alipokubaliwa kuacha chuo. Tukaoga, wanaume kwanza, sisi baadaye, tukakutana kwenye kile chumba cha nje chenye meko. Tumejifunga mataulo, tumeiva nyuso, mvuke unatutoka mabegani, soseji ziko motoni. Nami nikafungua ukurasa wa Visiwa vya Kanari.

"Joto la huko mwezi wa Machi ni nyuzi ishirini na mbili," nikasema.

Baba akajipangusa jasho shingoni. "Mimi nimetoka kwenye themanini sasa hivi. Hizo ishirini na mbili nikazifanyie nini?"

"Baba, ni joto la nje. Unakaa ufukweni."

"Nikae nje, nilipe hela, halafu niwe na baridi kuliko nilivyo hapa?"

Jyrki, ambaye alikuwa upande wangu tangu asubuhi, alikuwa ameshatoka kwenda kujigaragaza kwenye theluji. Akarudi akicheka, akasema kwamba kwa kweli yeye hajambo kabisa. Kikao kikaishia hapo, tukala soseji.

Jumamosi iliyofuata nilileta Kuprosi. Baba akauliza kama huko kuna sauna. Nikamwambia kwa furaha kwamba hoteli inayo. Akauliza kwa nini basi tuiache yetu bila mtu. Ndivyo ilivyokwenda juma baada ya juma, Mama mdogo. Tulikuwa tunajadili joto tukiwa tumeshiba joto, na kila nchi niliyoileta ikaonekana haina maana. Hata Unguja, ambayo Jyrki aliitamani kwa sababu ya pweza, ilipigwa chini pamoja na pweza wake.

Mama naye alikuwa na sababu zake, nyingine kabisa. Kanari ni pakavu, alisema, hakuna hata ua la kutazama. Kuprosi milima iko mbali mno na bahari, sasa mtu achague apande au aogelee? Unguja pamelala chini kama meza, hakuna pa kupandia. "Ndizi zao nzuri, sikatai," akasema, "lakini huko mimi namjua nani?" Mimi nikadhani anatafuta visingizio tu. Nafundisha watoto kujumlisha, lakini hesabu hii ilinipita puani.

Halafu Jumatano akaja jirani yetu Pirkko, katoka Tailandi, pua inambabuka kwa jua. Alikuja kutuonyesha hiyo pua. Mama akaandaa kahawa na vile vitumbua vyake vya iliki, Pirkko akabaki amesimama mlangoni na koti lake.

"Karibu mezani, Pirkko."

"Aa, mimi napita tu. Nisikusumbue."

"Hebu njoo bwana, kahawa inapoa."

"Nimeshakunywa nyumbani, Hilkka. Kweli."

"Pirkko. Kaa chini."

"Haya basi, nusu kikombe, nisionekane nina kiburi."

Akanywa vikombe vinne, akala vitumbua mpaka sahani ikaonekana maua yake. Nakusimulia haya kwa makusudi, ya Pirkko yatunze kichwani.

Baada ya Pirkko kuondoka nikapata akili. Ikiwa sauna ndiyo inayoiua safari, basi kikao kihamishwe. Jana asubuhi nikawatoa wote nyumbani kwa ujanja, kwamba twende tukamsaidie Baba kutoboa matundu yake ya kuvulia samaki. Tukakaa katikati ya ziwa juu ya barafu, kila mtu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, na kaupepo kake. Nikatoa vijitabu vyangu chini ya koti.

Sijawahi kuona familia yenye umoja namna ile. Baba, masharubu yameota barafu, akatikisa kichwa kukubali ukurasa wa kwanza kabla sijasema ni nchi gani. Jyrki akasema, "Popote, Outi. Nipelekeni jangwani mkanifukie mchangani, kichwa tu kibaki nje." Nikajiona nimeshinda. Nikamgeukia Mama, kope zake nyeupe pe.

"Nyinyi nendeni," akasema. "Mimi nitabaki nimlishe paka."

Mama mdogo, hatuna paka. Paka wetu alikufa hata kabla ya Bibi.

"Paka gani, Mama?" Jyrki akauliza.

"Wa Pirkko," akasema, akachukua ndoo yake akaenda zake nyumbani.

Baba akavuta kamba, akatoa samaki mdogo kama kidole gumba, akamwangalia, akamrudisha. Ndipo akasema, bila kutugeukia, "Anataka kwenda kwa Raili."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

"Baba! Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Hamkuniuliza."

Kisha akazungumza. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa, na ilihusu kahawa. Alisema kwamba siku tuliyomzika Bibi, kwenye ukumbi wa kanisa, wewe ulimshika Mama mkono ukamwambia, "Dada, njooni kwetu wakati wa baridi." Mama akajibu, "Aa, tusije tukawasumbua." Akasubiri. Nawe ukasema, "Haya, dada," ukaenda kuwakatia wageni keki. Mama akabaki pale pale na kikombe chake cha kahawa. "Hiyo ni miaka mitatu," Baba akasema. "Mpaka leo anasubiri aambiwe mara ya pili."

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, machozi yakaanza kuganda, nikaacha. Milima iliyo juu ya bahari, maua ya Januari kando ya barabara, ndizi, mtu anayemjua. Alikuwa anatuambia kila Jumamosi, nasi tunageuza soseji.

Sikulaumu hata kidogo, Mama mdogo. Umekaa kisiwani Madeira zaidi ya miaka ishirini. Wewe mwenyewe ulitusimulia kwamba watu wa Baba mdogo Duarte ukiwaambia njooni kula, wanafika na shangazi yao na sufuria. Kwao mtu akisema hataki kusumbua, basi hataki. Hapa Kuhmo ndiyo kwanza ameanza kukubali. Naona umelisahau hilo, na kulisahau si dhambi, lakini dada yako hana njia nyingine ya kusema ndiyo.

Najua utaniambia kwamba kila Krismasi unaandika "mje siku moja". Mama huisoma kadi kwa sauti, anauliza, "Siku moja ipi?" halafu anaibandika kwenye mlango wa friji, na inakaa hapo mpaka ije nyingine. Kwa hesabu ya kwetu kadi haihesabiwi, kwa kuwa mtu hawezi kuikatalia vizuri.

Jana usiku nilijaribu njia ya mkato. Nikamwambia, "Mama, si umpigie tu Mama mdogo umwambie tunakuja?" Akanitazama kama nimemwambia tukaibe sadaka. "Mtu hajialiki," akasema, akaenda kulala. Na mimi siwezi kukupigia, maana simu yetu iko ukumbini, jikoni yuko yeye, na ukuta ni wa mbao. Ndiyo maana naandika.

Sasa ombi langu. Ukishasoma barua hii, mpigie Mama, na umpigie kana kwamba mimi sijaandika neno. Usipige Jumamosi jioni, atakuwa katoka sauna, atakwambia hana baridi, na itakuwa kweli. Piga saa tatu asubuhi ya kwetu, anapoingia ndani baada ya kukokoa theluji ngazini na vidole vinamuuma. Kwenu itakuwa saa moja, unisamehe kwa usingizi wako.

Mkaribishe. Atakataa. Ongeeni habari za hali ya hewa, kisha mkaribishe tena. Atakataa tena, atakutajia shule yangu, mgongo wa Baba, na yule paka. Nakuomba kwa mapenzi yote usiishie hapo, hapo ndipo mlipopoteana siku ile ya msiba. Mkaribishe mara ya tatu, na umtajie juma lenyewe, la kwanza la Machi. Halafu atasema, "Basi, labda siku mbili tatu tu." Akisema hivyo umempata, na tutakaa juma zima. Yule dada wa ofisi ya safari ameniwekea nafasi nne za kisiwa chenu mpaka mwisho wa mwezi, kwa siri, na anajua yote, hata habari za paka.

Baba ana swali moja tu. Anauliza kama kwenye mteremko wenu kuna mawe yanayoweza kuhimili moto. Mwambie Baba mdogo mapema, asije akaamka siku moja akakuta kuna sauna katikati ya migomba yake.

Msalimie sana Baba mdogo, na binti yenu Inês na mwanawe, na mama mkwe wako Dona Graça, ambaye bado tunakumbuka ile sweta ya sufu aliyomfumia Jyrki bila kumwona, ikamtosha mkono mmoja. Mungu awajalie jua la kutosha, na la Machi mtubakizie.

Nilitaka kufunga hapa, lakini Mama amepita nyuma yangu sasa hivi.

"Unamwandikia nani?"

Nikamwambia ni wewe.

"Msalimie. Mwambie sote wazima, asihangaike na sisi." Akaenda jikoni. Nikasikia anafungua kabati, anafunga, anafungua tena. Kisha akarudi, akasimama mlangoni na mikono yenye unga mpaka viwikoni.

"Muulize kama bado anaupenda mkate wetu mweusi," akasema. "Si kwamba kuna safari. Nauliza tu."

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye, na nitakayekuwa ninakaa karibu na ile simu kila asubuhi,

Outi