Mipaka ya Shamba la Ndizi

Siku ya yenga, magaribi

...na miguu bado inaniuma, lakini leo watu wa Nyantende walinisikiliza. Kiisha misa niliwaambia, kama kila mara: baba azungushe mipaka ya shamba lake kwa miguu, akiwa muzima, pamoja na mutoto atakayeriti, na mashahidi wafuate nyuma. Siku ya kilio, ndugu zake hawatapata njia ya kumufukuza mujane.

Muzee mumoja akasema, "Papa mwalimu, unataka tualike kifo ku pombe." Tukacheka wote. Kiisha bibi yake akaniuliza pole pole, "Na weye, yako ulishazungusha?"

Nikajibu kwamba shamba langu la ndizi ni dogo sana, hata mbuzi anakosa pa kugeukia. Wakacheka tena. Kwa hiyo kazi ya kuchekesha watu mimi ni fundi.

Kweli iko hii: sijazungusha. Deo, mutoto wetu wa kwanza, aliendaka Shabunda kutafuta dhahabu, na hata salamu haifiki tena. Kila mutu anayetoka kule ninamuuliza kama aliona kijana murefu, mwenye kucheka kama mimi.

Ku chakula bibi yangu, maman yake Deo, aliniambia, "Papa Deo, zungusha na Fransiska, dada yake. Yeye njo iko hapa."

Ana haki. Ni mimi ninayefundisha watu wasingoje. Lakini nikipita ku mipaka na mutoto mwingine, mashahidi nyuma, itakuwa kama ninasema Deo hatarudi.

Nilimujibu tungoje kwanza maharagi ikomae. Akanitilia sombe ingine ku sahani. Anajua haiko maharagi njo ninangoja.