Mikono Yangu Kiunoni kwa Skola

Jumanne, 2 Agosti 1977
Rozari, moto, maandazi. Kisha kumkanda Skola mguu kwa mafuta ya karanga, kama kila asubuhi. Msuli wa nyuma ya paja, wa kushoto, uliochanika akikimbia. Akiinama kufagia bado anajishika. Jumamosi Mwalimu Pius wa michezo atampima tena. Mguu mbovu ukivuta sawa na mzima, binti yangu anakwenda Sumbawanga kwenye mashindano. Usipovuta, anabaki. Nasali, ila sijui naomba lipi.

Alhamisi, 4 Agosti
Kipimo cha kwanza nilikuwepo. Mwalimu alimlaza kifudifudi kwenye benchi. Kamba kifundoni, na mwisho wa kamba mizani ya ndoano, ile ya wanunuzi wa asali, imefungwa kwenye nguzo. Skola anakunja goti, kamba inavuta, mshale unasogea. Kazi yangu ilikuwa kumshika kiuno. Kikinyanyuka, mgongo unasaidia na mizani inadanganya. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo.

Jumamosi, 6 Agosti
Msiba kule Ilembo. Tumezika. Nimerudi jioni nimechoka, namkuta Skola anarukaruka uani. Amefaulu. Kulia na kushoto sawasawa. Nimelia. Marehemu baba yake angeona.

Jumapili, 7 Agosti
Nimetoa sadaka ya shukrani. Nimechinja jogoo. Tunakula, Skola anacheka, anasimulia jinsi alivyovuta mpaka benchi likaruka naye. Nikamuuliza nani alimshika kiuno.
Hakuna.
Nikasukuma sahani.

Jumatatu, 8 Agosti
Nimekwenda kwa Mwalimu kabla ya soko. Hakubisha. Akainamisha kichwa.
"Mama Skola, mimi mwanamume. Ningemshikaje binti wa watu kiuno na mama yake hayupo?"
Ni kweli. Angemshika ningesikia sokoni, na ningekuja na mwiko. Lakini nimekasirika hata hivyo. Wapishi wa shule wako hatua chache, wote wanawake. Kumshika aliona aibu. Kuandika kwamba amepona hakuona. Amekubali kupima tena Jumatano.
Skola hanisemeshi.

Jumatano, 10 Agosti
Nimemshika. Mguu wa kulia mshale ulikwenda mbali. Wa kushoto ukaishia njiani. Akapumzika, akarudia, akarudia tena. Mshale haukusimama palepale kila mara, lakini kila mara chini. Mwalimu akafuta jina.
Skola alikaa kwenye benchi anafungua kamba. Hakulia. Akasema mbele ya Mwalimu, "Wa kulia ulinishika tu, mama. Wa kushoto ukanikandamiza. Ulitaka nibaki."
Mwalimu akawa anaitazama mizani, kana kwamba itanijibia.

Alhamisi, 11 Agosti
Sokoni Kashaulili wameshanibatiza. Mama Mizani. Mwenzangu wa meza ya pili kaniuliza kama siku hizi maandazi yangu nauza kwa kilo au kwa kubonyeza. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilitamani kumwagia mafuta. Mungu anisamehe, ila nilitamani.

Ijumaa, 12 Agosti
Najaribu kuikumbuka mikono yangu. Nilishika sawa pande zote mbili? Nadhani. Lakini kwa mguu wa kushoto nilikuwa naogopa, na mtu akiogopa anashika kwa nguvu bila kujua. Mizani ina mshale. Mikono haina. Na Mwalimu naye, mara moja bila mtu, mara moja na mama mwenye hofu, akaamini karatasi yake mara zote mbili. Nina uchungu naye. Nina uchungu na Skola kwa neno lile. Uchungu zaidi kwamba siwezi kumwambia ni uongo.

Jumapili, 14 Agosti
Lori limeondoka na wenzake, wanaimba. Limepita mbele ya nyumba yetu. Skola alikuwa ndani, anachambua mchele ambao nilishauchambua.

Jumatatu, 15 Agosti
Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Baada ya misa Skola kavaa bukta, kashika njia ya Misunkumilo, mbio. Nimesimama uani na ungo, nasikiliza hatua zake zikienda, kisha zikirudi. Zinalingana. Au masikio yangu yanataka zilingane.
Kaja anatoka jasho. Hakuchechemea. Hakuniangalia. Kajilaza kifudifudi kwenye mkeka, mahali petu pa kila asubuhi.
Nimeleta mafuta. Nimemkanda taratibu, nyuma ya paja mpaka gotini.
Kiunoni sikumgusa.