Mtu wa Kutembelewa

Jumanne, 4 Machi

"Mtu ambaye yeye mwenyewe anahitaji kutembelewa, atamtembelea nani?"

Ndivyo alivyosema Mwenyekiti leo mbele ya kamati nzima ya mpango wa kutembelea wagonjwa, akitabasamu kama hakimu aliyemaliza kesi. Wakacheka kidogo. Si kwa ubaya — ndiyo maana inauma.

Haya, tuichambue. Kwanza, nani kasema nahitaji kutembelewa? Mwaka jana nilikwenda ofisini kwao kujiandikisha niwe mhudumu wa kujitolea: niwatembelee wazee na wagonjwa wasiotoka nje, niwasomee, niwapiganie wanapozungushwa maofisini. Nilikwenda kujiandikisha kutoa, nikarudi nimeandikwa kupokea! Karani alikiona kiti cha magurudumu, mimi hakuniona. Pili, nimefundisha historia miaka kumi na minane. Kilichonitoka ni miguu. Mdomo upo, waulize. Tatu, hilo neno lao: "walengwa". Sisi tunaotembelewa ni walengwa! Anayelengwa ni swala. Ni ndege mtini.

Niliwaambia sihitaji kutembelewa na mtu. Nilisema kwa sauti, mara mbili. Hilo la swala halikunijia pale. Limenijia sasa, mlango umeshafungwa, hakuna wa kumwambia. Hoja nzuri zina tabia hiyo, husubiri ubaki peke yako na friji.

Jumatano, 5 Machi

Mama Pazia kaja baada ya chakula cha mchana, kama kila Jumatano. Ndiye mhudumu niliyepangiwa. Mshona mapazia, mjane, mdomo kama cherehani. Mwajiri wake humpa ruhusa mchana huu mmoja kwa ajili ya mpango. Siku nyingine anashona mpaka giza, na Jumapili ana wajukuu.

Siku ile ya kwanza nilimfungulia ili nimfukuze kwa hoja. Hakusikiliza. Aliona pazia langu linanaswa na gurudumu, akatoa sindano, akalipiga pindo papo hapo bila ruhusa. Nikafoka. Akasema, kelele zote hizo kwa pindo? Akavuta kiti, akauliza kama nina karata.

Anaiba. Lazima iandikwe mahali fulani: mwanamke huyu anaiba! Leo ree ya kopa, karata inayoshinda zote, imepotea tena katikati ya mchezo.

"Iko wapi ree?"

"Ree gani? Mwalimu, ukishindwa, shindwa kama mtu mzima."

"Hebu inuka."

"Ala! Siinuki. Mbona wewe huinuki?"

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angethubutu kuniambia hivyo. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Karata ilikuwa chini ya paja lake, imepata joto.

Nikamsimulia ya kamati, pamoja na swala. Akasema kama yeye ndiye mwindaji, basi uwindaji huu ni wa ajabu, maana kila wiki ni swala ndiye anayemkaba mwindaji. Halafu, bila kuniangalia: "Wakikukubalia uwe mhudumu, mimi je?"

Nikamjibu kwamba hilo ni suala la utaratibu tu.

Alichanganya karata muda mrefu sana.

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga simu. Anasema, mdogo wangu, acha kugombana na watu wanaokusaidia; usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nikamwambia nina miaka hamsini na mbili, uzazi gani? Akasema nimekuwa baba yetu mtupu. Kabla sijafika hoja ya pili akawa na mgeni mlangoni. Yeye daima ana mgeni mlangoni.

Nimesoma gazeti lote, hata tanzia. Nimemwandikia mhariri kuhusu makosa mawili ya historia katika safu yake. Nimezunguka kutoka chumbani hadi jikoni. Fremu ya mlango imechubuka rangi pale kitovu cha gurudumu kinapogusa, na leo nimeichubua zaidi. Nikapanga karata, nikacheza peke yangu pande zote mbili.

Hakuna raha kucheza na mtu asiyeiba.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mama Pazia kaja kalowa. Mchezo mmoja, kashinda. Hakutania. Kaaga mapema, eti mabasi.

Jumamosi, 15 Machi

Semina! "Uelewa na Ujumuishwaji wa Watu Wenye Ulemavu katika Huduma za Kujitolea." Ukumbi una ngazi tatu na hauna mteremko. Wanaume wanne wakaninyanyua kama kochi jipya — huyu anasema kushoto, yule anasema kulia, wa tatu ananiomba nijifanye mwepesi. Mada ya kwanza: "Tuondoe Vikwazo."

Juu ya jukwaa walitundika kitambaa: KUTOA NI MOYO. Nikaitwa mbele. Nikapewa blanketi. La tatu tangu nijiunge! Wanadhani kutotembea ni aina ya baridi. Mwenyekiti akaniwekea kipaza sauti mdomoni niseme asante.

Nikasema asante. Kisha nikasema: Mwenyekiti, methali mmeikata. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wahenga walikataa kwamba kutoa ni mali. Na mimi naongeza: hakuna mhenga aliyesema kutoa ni miguu! Mnanifunika blanketi la tatu, na mimi naomba kazi. Yupi kati yetu asiyesikia?

Sauti ikatoka nyuma, ya mzee mmoja asiyeona, aliyekuwa mgawa barua wa posta:

"Namtaka huyo! Huyo mama mkali, nileteeni mimi. Huyu mnayenipa sasa ananishika mkono saa nzima ananiambia pole. Pole ya nini? Mimi nataka kusomewa gazeti na mtu wa kubishana naye!"

Ukumbi ukalipuka. Wageni rasmi wakapiga makofi, na Mwenyekiti angefanya nini? Akatangaza palepale kwamba nimekubaliwa.

Nilimtafuta Mama Pazia kwa macho. Alikuwa karibu na mlango, anapiga makofi kama watu wote. Nilipotazama tena hakuwapo.

Wale wanne wakanishusha. Nimerudi. Nimewasha taa. Blanketi liko kitandani, halijafunguliwa. Nimeshinda — nimelisema hata kwa sauti. Friji ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

Jumatatu, 17 Machi

Mwenyekiti kaja mwenyewe. Alisema hakai, akanywa vikombe viwili vya chai.

Kazi yangu itakuwa kwa Mzee wa Posta. Anaishi mtaa wa pili, nyumba ya chini, mlango mpana, wamekwenda kuupima. Wameupima! Nilikaribia kumpongeza. Siku: Jumatano mchana, kwa sababu mpango wote hufanya kazi Jumatano mchana.

"Na Mama Pazia?"

"Tunamhamishia kwa mlengwa mwingine. Mhudumu hatembelewi, Mwalimu, ndiyo kanuni. Na wewe mwenyewe ulituambia huhitaji. Mara mbili."

Kumbe alikuwa anasikiliza.

Ananitaka nimpe neno langu tu: kwamba naacha kutembelewa, na naanza kutembelea. Atapita Jumatano asubuhi kulichukua. Nikamsogezea sukari.

Hakuondoka. Aliziangalia karata mezani, akauliza nacheza na nani. Akasema tangu mke wake afariki nyumba imekuwa kubwa, akitoka ofisini ni mpaka mlinzi amfukuze na funguo mkononi. Alilisema kama mzaha. Sikucheka, na yeye hakucheka. Tukasikiliza friji wote wawili.

Jumanne, 18 Machi

Kuna njia rahisi. Ningempigia Mama Pazia nimwambie: njoo Jumapili, njoo na wajukuu, njoo usiku, njoo tu. Nimewahi kumwandikia waziri kurasa tatu nikamwita mvivu wa kusoma. Mbele ya neno "njoo" nimekaa na simu mapajani tangu asubuhi.

Maana mhudumu hupangiwa. Rafiki huombwa, na akiombwa anaweza kukataa. Na kama mwaka mzima alikuwa anafanya kazi tu? Kama kicheko chake nacho kiko katika ratiba? Kwa Mwenyekiti nina hoja kumi. Kwa hili sina hata moja.

Nilizikusanya karata nizifungie kabatini, yaishe. Mikono haikukubali, nikazihesabu kwanza. Hamsini na moja. Nimetafuta chini ya meza, chini ya kitanda, ndani ya mto wa kiti. Ree ya kopa haipo.

Ameondoka nayo. Ile siku ya mvua, ameondoka nayo!

Jumatano, 19 Machi

Asubuhi. Gazeti la Mzee wa Posta liko mapajani, nimewekea alama habari tatu za kubishania. Nitakwenda, hilo halina mjadala. Kupitia pazia namwona Mwenyekiti nje, anaongea na jirani, anajivuta, kama mtu ambaye hana haraka ya kufika popote. Anakuja kuchukua neno langu. Neno ninalo, ila silo analolitaka. Naliandika haraka kabla hajagonga, nisije nikatoa lile la zamani kwa mazoea.

Nyinyi wa kamati, nilikosea hoja, na nyinyi mkaiokota ikiwa mbovu mkaifanya kanuni. Nilisema sihitaji kutembelewa. Nahitaji! Na nitatembelea! Nani aliwaambia mtu ni mmoja tu kati ya hao wawili? Niandikeni pande zote mbili. Mkishindwa, futeni ule mstari wenu katikati. Mgeni njoo, mwenyeji apone — mnaijua, na hakuna aliyesema mwenyeji akishapona haruhusiwi kutoka akawa mgeni wa mwenzake. Hamisheni zamu yangu kwa Mzee wa Posta siku moja. Mmeweza kupima mlango, mtaweza kupanga Alhamisi.

Wewe Mwenyekiti, unayefukuzwa na mlinzi kila jioni: jiandikishe. Si kutoa. Upande ule mwingine. Meza yangu ina nafasi ya watatu, na chai umeshaizoea.

Anagonga. Nasema subiri kidogo. Anasema hana haraka, Mwalimu.

Na wewe Mama Pazia — wewe hasa. Sitakuita mhudumu. Ree ya kopa unayo wewe, na mimi bila hiyo siwezi kucheza na mtu yeyote. Irudishe. Usimpe Mwenyekiti, usimtume mjukuu. Njoo uilete mwenyewe. Anagonga tena. Nj—