Ujumbe Uliosomwa Kisiagini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa karibu: aliyetoa siri ya mimba ya jirani yetu ni mimi, na lawama anaibeba nyanya yangu.

Nyanya, Kogo tunavyomwita, ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu huku juu ya bonde la Kerio tangu kabla sijazaliwa, na nilipokuwa mdogo nilimfuata nyumba hadi nyumba, yeye mbele na daftari lililofunikwa kwa gazeti, kalamu imefungwa uzi, mimi nyuma na mizani ya watoto, na kila boma tulipewa maziwa ya kibuyu kwanza, kisha Kogo akauliza habari za mbuzi na za mvua, mpaka mwenye nyumba mwenyewe akasema anachoumwa. Kwetu mimba haitajwi mpaka ijitaje yenyewe, kwa hiyo Kogo alichora jani dogo tu kando ya jina la mama, na maana yake tuliijua sisi wawili. Nazitamani siku zile.

Mwaka huu wahudumu walipewa simu. Kogo haoni maandishi madogo, nami nimemaliza shule juzi, basi akaniambia, “Wewe mwenye macho mapya, lihamishie daftari humo. Majani yangu yaache.” Lakini simu iliuliza kuhusu mimba na ikakataa kuendelea bila jibu, nami nikaona jani kando ya jina la Kobilo, nikajibu ndiyo, na kwa kuwa Kobilo hana simu nikaandika nambari ya mumewe, Kiptui.

Ujumbe wa kumkumbusha Kobilo kliniki ukamkuta Kiptui kisiagini, alikopeleka mahindi yasagwe. Hasomi vizuri, akampa mwenye kisiagi, naye akausoma kwa sauti ya kushinda injini: “Kiptui, unaitwa kliniki! Mimba yako ina miezi mingapi, ndugu yangu?” Watu walicheka mpaka unga ukamwagika.

Kobilo ameshapoteza mimba mbili, na hii hata mama mkwe hakuwa amemwambia. Alimzuia Kogo mlangoni: “Kogo, nilikupa siri ukaipeleka kisiagini. Usirudi hapa.” Huu ni mwezi wa tatu tangu amfukuze. Sasa tumbo linaonekana, miguu imemvimba, nimeiona bombani, na kliniki haendi. Kogo anasema, “Kifaa hiki kina mdomo,” na anataka kurudisha simu na mkoba wake pia, aache kazi.

Nifanye nini? Tafadhali, usimwambie mtu.

Msichana wa Juu ya Bonde

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, nami nilikulia nyumba iliyotembelewa na mama wa daftari. Hakugonga mlango, alikohoa tu, na mama yangu akainuka kuweka chai. Nimekuelewa.

Lakini acha kulilia daftari. Lilinyamaza kwa sababu aliyelishika alijua kunyamaza. Kogo alikuambia uyaache majani. Ulipokwama, kwa nini hukumwita? Alikuwa hapo hapo nyumbani!

Na hiyo miguu! Mjamzito aliyevimba hangoji majirani wapatane. Akiumwa kichwa au akiona ukungu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie Kogo leo, kabla hamjala. Kisha nendeni kwa Kobilo. Useme, “Ni mimi, si Kogo,” halafu unyamaze, hata akikutukana. Usiisingizie simu. Kogo ajaribu kumpeleka zahanati. Kobilo akikataa, mleteni muuguzi nyumbani. Simu isirudishwe, wala mkoba. Msimamizi wa wahudumu aifute nambari ya Kiptui, na tangu leo usiandike neno kabla mwenye mwili hajakubali.

Unaniomba nisimwambie mtu, nawe umeliandikia gazeti! Majina nimeyabadilisha. Nanyi wasomaji wa huko, mtakaokitambua kisiagi hicho, nawasihi mnyamaze. Mwacheni nyanya yake aisikie siri hii kwa mjukuu wake kwanza.