Picha ya Baba Inatoka Kijani

Umoja, Nairobi

Kwako Dada Nekesa,

Pokea salamu za mdogo wako. Watoto wako hawajambo, na Mama je? Matone ya macho anawekewa bila kukosa? Sisi huku tu wazima, ila mke wangu Rose anakohoa kwa vumbi la barabara inayochimbwa hapa nje. Barua hii ni yako peke yako, usimsomee Mama.

Dada, ile kazi aliyonipa Mama imenishinda. Aliponipigia kusema mabati yamevuja na ile picha ya Baba ya nyeusi na nyeupe imeharibika ukutani, nilimwambia asihofu, kwa kuwa Krismasi niliipiga picha kwa simu yangu. Akasema, "Basi nitolee kubwa, nimwone vizuri kabla hili jicho lililobaki halijafunga." Printa ninayo, hii ndogo ya wino ninayowachapishia majirani barua za kuomba kazi. Nikadhani ni kazi ya dakika tano.

Baba alitoka na uso wa kijani, na shati lake jeupe kama limefuliwa kwa majani. Nikapunguza kijani kwenye kompyuta, akageuka zambarau. Nikasafisha printa, nikabadilisha karatasi. Mara ya sita nikamwita Rose. Chini ya taa ilikuwa nyeusi na nyeupe safi, naye akasema, "Huyo ndiye baba yenu." Asubuhi nikaitoa nje kwenye jua. Kijani kilikuwa palepale.

Hapa chini anakaa Mzee Mutua, ambaye zamani alikuwa na studio ya picha kwao Ukambani. Aliishika, akaigeuzageuza.

"Printa yako haina wino wa kijivu," akasema. "Inachanganya rangi zote ili ipate kijivu. Taa utaidanganya, jua hulidanganyi. Ilazimishe itumie wino mweusi pekee."

Nikafanya hivyo. Kijani kiliisha, lakini uso ukajaa vidoadoa kama mchanga, na macho ya Baba yakamezwa na kivuli cha kofia. Nekesa, wewe ulikuwa mkubwa, unamkumbuka akicheka. Mimi nilikuwa darasa la tatu alipofariki. Sina sura yake nyingine ila hiyo. Nilikaa nimeishika tu, sijui nangoja nini. Hata studio ya hapa mtaani ilinitolea Baba mwekundu, wakaniambia hakuna atakayegundua.

Nilipomrudia Mzee Mutua aliniuliza, "Kwani mama yako bado anaona rangi?"

Kwenye simu Mama husema hilo jicho moja linaona vizuri, na wewe husema nisiwe na wasiwasi.

Basi nimetuma ile ya kijani, maana macho ya Baba yanaonekana. Iko kwenye bahasha ngumu, imefungwa pamoja na barua hii. Nisalimie shemeji, na shangazi anayempeleka Mama kliniki, mwambie namshukuru.

Naomba jambo moja. Mketishe Mama nje kwenye mwanga, umpe picha mkononi, usimwambie neno kuhusu rangi. Akilalamika kwamba nimemgeuza mumewe kijani, nipigie simu saa hiyohiyo, nimsikie akinigombeza. Akisema tu kwamba ni nzuri, usinipigie. Niandikie tu, nami nitajua.

Ndugu yako,
Wafula